Mgeni wa Nyumba Thelathini na Moja

Gauni alilovaa mwanangu silo nililomvika mimi.

Hilo ndilo nililoliona kwanza, kabla hata sijamwona mtu aliyemshika mkono. Nilikuwa jikoni, ghorofa ya tatu, nasugua sufuria iliyoungua maziwa, nikainua macho dirishani. Tumu alikuwa kule chini kwenye uwanja wa kuanikia nguo, anapita katikati ya kamba. Nilikuwa nimemtuma nyumba ya pili akarudishe chekeche la Mama Shaibu, na alitoka na kigauni chake cha kijani kilichofumuka kwapani. Sasa alikuwa na gauni jeupe la malinda, soksi nyeupe, na utepe kichwani. Mtoto wa miaka saba. Anaruka-ruka kama mwanambuzi.

Na mkono wake ulikuwa mkononi mwa Hemedi.

Hemedi tulimjua wote pale Kota za Kitani. Au niseme vizuri: wote tulisema tunamjua. Hapo ndipo ninapotaka muangalie, nyie wenye watoto, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Alikuja wiki tatu nyuma na mkoba wa bluu, akasema anasafisha machujio ya maji. Kijana wa miaka thelathini hivi, nadhifu, shati limenyooshwa mpaka mikunjo ya mikono inakata. Anapiga hodi mara tatu na kurudi nyuma hatua mbili. Ukitoka anakuamkia. Anauliza baba mkwe anaendeleaje na mguu, na jina la baba mkwe analijua. Ukimpa maji anachuchumaa kwanza ndiyo anywe. Mama Shaibu alisema, "Huyu kalelewa." Nikamwambia, "Kalelewa kweli, shoga."

Sasa ubavuni mwa kila mlango pale kwetu kuna kisanduku cha Bawabu. Bawabu ndiye anayetulinda tangu walinzi wa virungu walipoondolewa, mwaka wa tano sasa. Ana macho kwenye kila nguzo, ana mageti mawili, la juu na la reli, ana droni zake za sindano za ganzi. Mgeni akisimama mlangoni, kisanduku kinauliza kwa sauti, yule mgeni akiwa pale pale: "Unamfahamu huyu?"

Hebu niambieni. Mtu kashakuamkia, kakuulizia wagonjwa wako, anakutazama anatabasamu, wewe utasema "simfahamu" anasikia? Uso utauweka wapi? Waliomtengeneza Bawabu labda kwao mtu anaweza kutamka neno hilo na chai bado ikanyweka. Kwetu haiwezekani. Tukasema, "Namfahamu." Mimi nilisema. Mama Shaibu alisema. Mafundi walitueleza tangu mwanzo kwamba nyumba saba zikisema hivyo, mtu anawekewa kijani, na wa kijani milango humfungukia. Hemedi alipata kijani siku ya kwanza kabla ya adhuhuri. Mpaka siku ninayoisimulia alikuwa na nyumba thelathini na moja.

Nilipasua koo dirishani. "Tumuu!"

Hakuna aliyegeuka. Watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wamelala, wa mchana wako kiwandani kwenye mashine za nyuzi. Nikakimbilia kisanduku.

"Bawabu! Funga mageti! Mwanangu anachukuliwa!"

"Habari za alasiri, Mama Tumu," kikasema. Ana sauti nzuri Bawabu, ya mwanamke mtu mzima, haina haraka. "Naona sauti yako imepanda. Kuna sherehe?"

Msicheke. Mwaka wa kwanza Bawabu alitufungia mageti siku ya harusi ya binti wa Mwalimu Kidala, kwa sababu ya vigelegele. Bwana harusi alikaa nje ya geti saa nzima na suti yake kwenye jua. Msiba wa mwezi uliofuata, tulipolia, droni zikaja zikatuzunguka juu ya maiti. Kamati ikachachamaa, mafundi wakaja wakamfundisha: sauti ya mwanamke ikipanda, si hatari. Tulipiga makofi siku ile. Mimi nilikuwa mstari wa mbele.

"Si sherehe! Hemedi kamchukua Tumu, wanaelekea geti la reli! Wafungie!"

Ikapita kama sekunde mbili.

"Nimewaona. Bwana Hemedi anafahamika na nyumba thelathini na moja, ikiwemo hii. Mtoto anatembea kwa hiari yake. Anacheka. Mapigo ya moyo wake ni ya mtoto anayecheza."

"Kambadilisha gauni!"

"Mavazi si alama ya hatari. Mama Tumu, anayenitia wasiwasi ni wewe. Moyo wako unapiga mara mia moja na arobaini. Nimekuwekea njano kwa muda. Tafadhali kaa chini, unywe maji."

"Nataka mtu! Niitie mtu mwenye damu!"

"Ombi lako limepokelewa. Afisa atakupigia baada ya dakika thelathini na nane."

Kutoka uwanja wa kuanikia hadi geti la reli, na mtoto, ni dakika sita. Kama mtoto anaruka-ruka, tano.

Miguu ilitaka kukimbia, nikaikamata. Dada yake Mama Shaibu aliwahi kupigiwa simu kwamba mumewe kafa safarini, moyo ukapanda akawekewa njano, akashuka ngazi mbio anapiga ukelele. Mtu wa njano akikimbia anakuwa mwekundu. Walimkuta kwenye ngazi ya pili na sindano ya ganzi begani, mate yanamtoka. Alipoamka, mumewe alikuwa ameshazikwa.

Nikikimbia nitalala ngazini. Nikikaa, mwanangu anapita getini na wa kijani. Upande wa pili wa geti ni njia ya reli, na barabara kuu, na magari yasiyo na dereva yanayopakia mtu yeyote.

Basi nikatazama tena dirishani, nadhani nilitaka kuomba Mungu, na macho yakamwangukia Mbaruku.

Mbaruku ni dobi. Meza yake iko chini ya kibanda cha bati, njia panda pale, anapiga pasi ya mkaa. Zamani alikuwa fundi wa mashine kiwandani, akapigwa na umeme, wakamtoa mzima lakini mkono wa kulia ukabaki unatetemeka na maneno yakawa hayatoki. Neno moja anaweza kulivuta mpaka ukageuza uso kwa kumwonea huruma. Ndiyo maana haamkii watu. Hutazama chini. Bawabu hakumpenda tangu siku ya kwanza: haamkii, haangalii mtu usoni, mkono unacheza, jasho linamtoka. Miaka minne yuko njano. Watoto wa kota walimtungia: "Embe, Embe, unaiva lini?" Kuiva ndiyo kuwa mwekundu. Sisi wazazi tuliwakemea, tunacheka pembeni.

Kila mtu alijua kwamba kwa Mbaruku linatosha neno moja la mkazi.

Sikufikiri muda mrefu, sitawadanganya. Labda pumzi tatu. Nilimwona anageuza shati mezani, taratibu, ananyunyiza maji kwa vidole. Nikaweka mdomo kwenye kisanduku.

"Nimekosea. Si Hemedi. Ni Mbaruku dobi. Mbaruku ndiye anayemtaka mwanangu, kamtishia, yuko hapa ndani."

Hakikupita hata kitambo cha kupepesa jicho.

"Asante, Mama Tumu. Taarifa yako inalingana."

Kengele zikalia nguzo zote. Kule mbali nikasikia chuma cha mageti kinajibana.

*

Nilishuka ngazi natembea.

Nawaambieni, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Miguu inatembea kama ya mtu anayekwenda kununua chumvi. Nilivuta pumzi kwa pua nikatoa kwa mdomo, kama wakunga walivyonifundisha nilipomzaa Tumu mwenyewe. Kila nguzo niliyopita ina jicho jeusi na taa ndogo juu yake. Kwangu ilikuwa ya njano. Nikaitabasamia.

Kitu kimoja nilikuwa nakijua, nacho ndicho kilichokuwa kinanisukuma mgongoni: mageti hufungwa mpaka mwekundu akamatwe. Akishakamatwa yanafunguka yenyewe, watu wasichelewe zamu. Kwa hiyo nilikuwa na muda ule ule ambao Mbaruku angeweza kuwasumbua. Nikajikuta namwombea akimbie. Kimbia, Mbaruku. Jifiche kwenye mapipa. Wapotezee muda, kaka yangu.

Hakukimbia. Njia yangu ilipita kando ya kibanda chake, hatua ishirini hivi. Droni mbili zilikuwa zimesimama hewani mbele yake. Sauti ile nzuri ikamwambia aweke chini alichoshika. Alikuwa ameshika pasi, imejaa mkaa. Mkono wake unatetemeka, na pasi nayo ikawa inachezacheza juu, chini, na cheche zinadondoka. Akafungua mdomo.

"Mi-mi-mi-mi..."

"Weka chini. Nahesabu tatu."

Akaniona. Nilikuwa napita. Macho yake yakanishika, nikajua anataka niseme neno, neno lolote, kwa sababu mimi nguo zangu huwa nampelekea yeye, na mimi maneno yanatoka.

Nikatazama mbele.

Nilisikia ule mlio mdogo wa sindano, kama mtu kapiga ulimi. Halafu meza ikaanguka, halafu nikasikia mkaa unamwagika juu ya kitu kisicho sakafu. Harufu ilinifuata mpaka kwenye kamba za nguo. Sikugeuka. Nikaongeza hatua kiasi ambacho Bawabu angekiita haraka ya kawaida.

*

Getini walikuwa watu watano wanasubiri lifunguke: wanawake wawili wa zamu ya jioni na mikebe yao ya chakula, mzee mmoja na baiskeli, na Hemedi na mwanangu. Hemedi alikuwa amesimama kivulini, mkoba begani kushoto, mkono wa kulia kamshika Tumu. Anawasimulia wale wanawake kitu, wanacheka.

"Mama!" Tumu akapiga kelele. "Mama, kumbe hujaenda harusini?"

Hemedi akageuka. Tabasamu halikumtoka hata kidogo. Aliliacha pale pale, kama taa ambayo mtu kasahau kuizima.

"Aa, dada! Habari za kushinda? Nilimkuta mtoto uwanjani analia, nikasema nimtembeze."

"Hakuwa analia."

"Watoto, dada. Mara wanalia, mara wanacheka."

Kengele zilikuwa zimenyamaza. Nilijua maana yake. Geti likaanza kutoa ule mvumo wa kujiandaa.

Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumng'oa macho. Nikainua mkono, naye akasogeza uso karibu, akasema kwa sauti ya chini, ya upole kabisa, sauti ya mtu anayekuonea huruma:

"Unatetemeka, dada. Angalia Bawabu asije akakuelewa vibaya."

Nikaona kumbe huyu mtu anamjua Bawabu kuliko kamati nzima. Sisi tulikaa miaka mitano tunamfundisha, yeye alikaa wiki tatu tu anatazama alichofundishwa.

Taa ya nguzo ya geti ilikuwa juu ya kichwa changu, njano. Nikimvuta mtoto kwa nguvu, mimi ndiye nimemnyang'anya mtoto mtu wa kijani, mbele ya mashahidi, nikiwa nahema. Sindano. Nalala pale chini ya geti, na geti linafunguka, na yeye anapita.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho sikukifikiria, kilikuja chenyewe kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Nikamnyooshea mkono wa kulia. Nikausogeza mpaka kifuani pake.

"Kaka Hemedi, sijakusalimia vizuri. Habari za nyumbani?"

Akautazama mkono wangu. Wa kwake wa kulia ulikuwa umemshika Tumu.

"Nzuri, dada."

"Nipe mkono basi. Au umenichukia?"

Wale wanawake wawili walikuwa wanatazama. Mzee wa baiskeli naye anatazama. Mtu aliyelelewa, anayechuchumaa akinywa maji, hawezi kumwacha mwanamke mkono unaning'inia hewani. Na kumpa mtu mkono wa kushoto ni tusi. Na Bawabu, tulikwishamfundisha sisi wenyewe, humpandishia alama za hatari anayekataa salamu. Nilimwona anapiga hesabu hiyo. Macho yake yakaenda kwenye nguzo, yakarudi.

Geti likaachia ufa wa mwanga.

Akamwacha Tumu. Akanipa mkono. Ulikuwa mkavu na baridi, haukuwa na hata tone la jasho.

Nikaubana kwa nguvu zangu zote, na kwa mkono wa kushoto nikamvutia mwanangu nyuma ya sketi yangu. "Na mama hajambo? Na ndugu? Na kazi?" Niliuliza habari mpaka za mifugo. Alijibu zote. "Salama. Salama. Salama, dada." Geti likawa wazi.

Bawabu akasema kwa spika, wote tukasikia: "Mwekundu amekamatwa. Mtoto amepatikana. Kota za Kitani zinamshukuru Bwana Hemedi kwa kumfikisha mtoto getini salama. Safari njema, Bwana Hemedi."

Wale wanawake wakampigia makofi. Akainamisha kichwa kwa heshima, akatoka, akapanda kwenye gari la kwanza lililosimama.

*

"Acha lilivyo," Baba Tumu alisema.

Ilikuwa asubuhi, siku mbili baadaye, kabla hajaenda zamu. Tumu alikuwa ameshaniambia yote bila hofu, huku anakula uji: kaka Hemedi kamwambia mama yuko harusini, na harusini huwezi kwenda na gauni lililochanika, akamvalisha nyuma ya tangi la maji. Nililichoma lile gauni. Baadaye nilijuta, lilikuwa ushahidi.

"Mbaruku yuko ndani," nikamwambia mume wangu. "Kaungua mkono mpaka kiwiko. Wanampeleka gerezani Jumatatu. Na Hemedi kaandikwa ndiye mwokozi. Akija tena, atafunguliwa geti kwa makofi."

"Si mwokozi, mimi najua na wewe unajua. Lakini ukisema ulidanganya, sheria unaijua. Neno lako halihesabiwi mwaka mzima. Kisanduku hakitakujibu. Siku nyingine akija mtu kumchukua Tumu, utamwita nani?"

"Si nilimwita juzi? Alinijibu nini?"

"Juzi alifunga mageti, Mama Tumu." Alisema taratibu, anafunga viatu. "Kwa neno lako. Mwanangu yuko hapa anakula uji kwa sababu ya neno lako. Unataka kulitupa?"

Alisema kweli. Kila nilipomtazama Tumu nilisema moyoni, ningesema tena. Na kila nilipovuta pumzi nilisikia ile harufu. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu siku nzima, hakuna lililomshinda mwenzake.

Jioni kabla jua halijazama nikajitanda kanga, nikamshika Tumu mkono, nikaenda ofisini.

*

Ofisi ya Bawabu iko karibu na geti la juu, chumba kimoja na mahabusu nyuma yake, na mtu mmoja tu anayehudumia kota nne. Afande Mhina, mwanamke mnene, ana macho ya mtu asiyelala. Mezani kwake kuna kisanduku kama vyetu, ila kikubwa, ndicho kinachoandika kila kinachosemwa mle ndani. Nikamwambia yote. Nilisema nilidanganya, nikasema kwa nini.

Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Mama, una uhakika? Nikibonyeza hapa, siwezi kubonyeza nyuma."

"Bonyeza."

Akabonyeza. Taa ya mezani iliyokuwa inanielekea ikazimika, haikuwa njano wala nyekundu, ilizimika tu.

"Mbaruku Shekue ataachiwa sasa hivi," akasema.

"Haya, sasa andika ya Hemedi. Ndiye aliyemchukua mwanangu. Andika kila kitu."

Afande Mhina akakitazama kisanduku, kisha akanitazama mimi. Nadhani aliona aibu.

"Hakikupokei tena, mama. Sekunde hii neno lako limefungwa."

"Afande, si umenisikia wewe mwenyewe? Masikio unayo!"

"Ninayo. Lakini amri ya kumsaka mtu haitoki masikioni kwangu, inatoka hapa." Akagonga kisanduku kwa ukucha. "Wa kijani, mwenye shukrani za kota. Nahitaji shahidi ambaye neno lake liko wazi. Mtoto hajafika umri. Kuna mwingine aliyeona?"

Nikafikiria wale wanawake waliopiga makofi. Nikafikiria nyumba thelathini na moja. Jana yake nilikwishapita nyumba tisa nikiwaomba wakafute "namfahamu" yao. Walinikaribisha, wakanipa kahawa, wakasema watafanya. Hakuna aliyefanya. Mama Shaibu alisema, "Shoga, kijana wa watu nimemnywesha maji kwa mkono wangu."

Mlango wa ndani ukafunguka. Mbaruku akatoka.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe hadi juu, na ndani ya bandeji bado unatetemeka. Tumu akajificha nyuma yangu. Nikapiga magoti, sikujua la kufanya jingine.

"Kaka Mbaruku. Mimi ndiye niliyesema. Nilijua si wewe, nikasema."

Alisimama pale. Alinitazama usoni, yeye asiyetazama watu.

"Na-na-nali..." Akameza mate. "Na-nalijua."

Nilingoja anitukane. Alikuwa na haki ya kunitukana mpaka asubuhi. Badala yake akamgeukia Tumu, akamtazama gauni, la kijani, nililoshona kwapani. Kisha akamgeukia afande, akanyoosha kidole cha mkono mzima kwenye kisanduku.

"Ha-Ha-He... He-"

"Shahidi amemaliza," kikasema kisanduku.

"Hajamaliza!" nikasema mimi, lakini mimi sikuwepo, kwa kisanduku.

"He-Hemedi. Ma-ma-mashati yake. Na-na-"

"Shahidi amemaliza. Kutetemeka kumeonekana. Njano."

Afande Mhina alikuwa ameinama mbele. "Ngoja. Ulishawahi kumwambia Bawabu habari za huyu mtu?"

Mbaruku akainua vidole viwili.

Mara mbili! Alikwenda kwenye nguzo mara mbili, ndani ya zile wiki mbili kabla ya mimi kuona gauni jeupe. Afande akafungua kumbukumbu, akatusomea, sauti yake imekauka. Mara ya kwanza: mtu wa njano kasimama mbele ya nguzo, hana maneno, alama zimepandishwa. Mara ya pili: vilevile, alama za hatari zimepandishwa tena. Ndiyo maana siku ile neno langu moja lilitosha. Alikuwa amebakiza hatua moja awe mwekundu, na alifika pale kwa kutuombea watoto wetu.

Afande Mhina akasimama. Alizunguka meza, akachomoa waya wa kisanduku ukutani. Sikujua kama inaruhusiwa. Nadhani hata yeye hakujua. Akavuta droo, akatafuta sana, akatoa daftari la shule lenye jalada la kaki, na kalamu iliyotafunwa.

"Keti, Bwana Shekue. Nitaandika kwa mkono, nitaipeleka kwa mkono. Sema."

Mbaruku akaketi. Alisema. Sitaandika alivyosema, maana kurasa zingejaa. Mashati sita kila wiki. Mfukoni mwa shati la nne, vibanio viwili vya nywele, vidogo, vya mtoto. Wiki iliyofuata, soksi moja nyeupe. Tumu alikuwa kaniegemea begani.

"Nguo zake anakuja kuzichukua mwenyewe?" afande akauliza.

Mbaruku akatikisa kichwa. Dobi ndiye anayepeleka nguo. Dobi ndiye anayejua mlango wa kila mtu, na nyumba thelathini na moja zilizomfahamu Hemedi hakuna hata moja iliyojua analala wapi.

"Ni wapi?"

Akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikasimama. Herufi ya kwanza ikaja, ikakwama, ikarudi. Nje king'ora cha kiwanda kilitoa zamu. Nikamwona afande macho yanakwenda kwenye saa ya ukutani, bila kukusudia, kama sisi sote tulivyokuwa tunafanya miaka minne mbele ya kibanda chake.

Nikainuka, nikaenda nikasimama mbele ya ile saa.

"Polepole, kaka," nikamwambia. "Tupo."

Akavuta pumzi, akaanza upya.